Mechi ya Koko Haijazimika

Faila wangu, mutoto wa kwanza wa tumbo langu,

Hii barua sikuifunga. Sikutia mu bahasha, sikupaka gundi. Nimeikunja mara mbili tu na kuandika jina lako juu. Motari wa pikipiki wa hapa Baraka atamupa mwenzake wa Fizi, yule wa Fizi atamupa wa Lubondja, mupaka ikufikie kule Misisi. Na kila mutu ambaye itapita mu mukono wake, kama anajua kusoma, asome. Tena asomee na wale ambao hawajui. Ile siku nilikupatisha haya mbele ya batu, basi na hii nayo ipite mbele ya batu.

Kwanza nikugombeze. Telefone yako iko na nini? Tangu ulipoondoka ninapiga, na yule mama wa mu telefone ananijibu na sauti ya upole kwamba hupatikani. We Faila, hupatikani! We uliyekuwa unaweka moto wa umeme mu telefone za mutaa muzima, za bamama wa soko, za bazee wa kanisa, za batu wa boti, yako ndiyo imezimika? Hapana. Najua iko na moto. Umeizima na kidole chako. Motari mumoja aliniambia alikuona, umekaa chini ya pano mbili mupya za kukamata moto wa jua, telefone za bachimbaji wa zahabu zimekuzunguka kama vifaranga. Nikafurahi, kisha nikakasirika, kisha nikafurahi tena, mupaka yule motari akaniuliza kama ninaumwa.

Lakini hasira yangu juu yako ni ya kijiko kimoja. Sufuria nzima iko juu ya kaka yangu, mujomba wako Yohana, na juu ya wale bababa wanaocheza dame ku matanga, na juu yangu mi mwenyewe niliyekuzaa. Leo ninapakua yote.

Acha nianze na kukusifu. Ni haki yangu, na mwenye kuchoka kusoma ampe mwenzake. Mi shule niliachia mwaka wa nne. We uliachia mwaka wa pili wa sekondari, na bado sijaona mutu wa madiploma anayejua kulisha mashine kama we. Unakumbuka ile gemu, ile mashine ya kuchezea mukononi, vile ilivyoingia mu maisha yetu? Tulikuwa tumepeleka ndakala, wale dagaa wa ziwa, kuuza Misisi. Mutu aliitupa ku jalala nyuma ya soko, kioo kimepasuka ku pembe, tumbo limevimba. Mi nikasema, "Acha huo uchafu." We ukaipanguza na kitenge yangu, kitenge ya kanisa, we mutoto! Ukaifungua na kile kibisibisi cha kukazia miwani, ukatoa batri yake mubaya, ukatia batri ya telefone ya zamani, ukaishikisha na plasta ya kidonda. Kesho yake nikasikia batu banapiga kelele ndani.

"Nini hiyo?"

"Mama, uwanja umejaa."

Nilidhani umerukwa na akili. Kumbe ni kabumbu, bachezaji wadogo wadogo banakimbia mu kitu inayoenea mu mukono. Nilitembea soko nzima nikisema mutoto wangu amefufua. Bado nasema.

Na nisifiche ujinga wangu, batu wa njiani nao bapate kucheka. Ile mara tuko Lweba, tunaanika ndakala, we ukaenda kuoga mu ziwa. Nilikuwa nasikia kila siku ukisema hii inakula jua, hii inakula jua. Basi nikachukua ile pawabenki yako nyeusi nikaianika. Katikati ya ndakala, juu ya wavu, vizuri kabisa, nikawa ninaigeuza ubavu huu na ubavu ule, ili isikauke upande mumoja. Saa uliporudi ilikuwa imeumuka kama mukate. Mi nikakuambia na kiburi, "Angalia, nimekushibishia mupaka tumbo."

Faila, ulicheka mupaka ukakaa mu mchanga. "Mama! Pano ndiyo inakula jua! Hii inangoja pano imutafunie! Hii haiko ndakala!"

Ile pawabenki uliipata kwa taabu, na hukunitukana hata neno moja. Uliichimbia shimo mbali na batoto, ukaizika kama kuku aliyekufa na ugonjwa. Kisha ukanikalisha, ukanifundisha kama mwalimu. Pano ikae ku jua, batri ikae ku kivuli. Usingoje ikauke kabisa ndiyo uipe. Kable usiikunje ku shingo, ndipo inakatikia. Mu safari, weka moto kila fasi unaposimama, hata kama unasimama dakika ya kunywa maji tu. Mi niliyeharibu mali yako, ulinichekea na kunifundisha. Sasa angalia mi nilikufanyia nini saa yako ilipofika.

Wasomaji wa njiani, koko ni baba yangu, babu ya Faila. Alikuwa Lulimba, mu mashamba yake ya karanga, na muguu ukamuvimba mupaka viatu vikakataa. Mufirmye, muuguzi wa kule, akasema apelekwe hopitali ya Baraka. Tukamupandisha ku kamyo, lori ya mahindi, mi na Faila na yeye juu ya magunia. Na barabara yetu munaijua. Kila mukubwa anayepita anaishangaa, anapiga picha, anaahidi, anapanda gari yake yenye magurudumu marefu, anaenda. Sisi tunabaki na matope. Tulikwama siku tatu mbele ya kufika Fizi. Siku tatu na muzee mugonjwa! Nani aliulizwa? Hakuna.

Lakini mutoto wangu alikuwa na pano. Uliifunga juu ya magunia tangu Lulimba, na kila kona ya barabara ulikuwa unatambaa kuigeuza, jua likienda kulia na we unaenda kulia. Shofa anapiga kelele, "Dada, utaanguka!" na we unamujibu, "Endesha yako, na mi ninaendesha yangu." Pale tulipokwama miti ilikuwa imeziba jua. Ukapanda ule ukingo wa matope na miguu ya bule, bila viatu, ukafunga pano ku mti murefu kama bendera, waya ikashuka mupaka ku batri chini ya kamyo, mu kivuli. Bapita-njia basio na moto bakakusanyika kama ku bomba la maji.

Mununuzi mumoja wa zahabu, na miwani yake, akasukuma bamama. "Mi niko na telefone tatu. Zangu zianze."

"Muzee, jua halina bosi," ulimuambia. "Ya shofa inaanza, aite batu wa kutuvuta. Kisha ya huyu mama mwenye mutoto wa homa. Kisha ya koko."

"Ya koko? Si ile kitu ya kuchezea?"

"Ndiyo. Na we hiyo ya tatu ni ya kufanyia nini?"

Batu bakacheka mupaka yule mununuzi naye akacheka. Na kila telefone uliipa kidogo kidogo, inakunywa inapisha ingine, hakuna aliyeshiba na hakuna aliyezimika. Mi nilikaa pale juu kama mama wa gavana.

Na baba yangu! Muzee aliyekuwa analia ku kila shimo, akishika ile gemu muguu anausahau. Analalamika juu ya refa. Timu yake ya jezi ya kijani alikuwa anaigombeza kama batoto wa nyumba. "Koko, shusha mwangaza, unamaliza moto," unamuambia. "Nikishusha, golikipa wangu ataona nini?" Ukamuonyesha kwamba akichoka asiifunge, afinye tu kile kidude cha juu, ilale. Ikilala iko na moto ndani, mechi inamungoja palepale alipoiachia. Moto ukiisha kabisa, mechi imepotea, shampiona yote inarudi mwanzo. Ndiyo maana ulikuwa unakimbia na ile pano ku matope. Batu banadhani unahangaikia mchezo. Ulikuwa unahangaikia muzee asiamke akute amepoteza tena kitu.

Siku ya tatu, mbele kamyo haijavutwa, alikuambia, na sauti ya kawaida tu, "Mutoto, nikienda na mechi iko katikati, umalizie. Usiache batu bangu banasimama mu uwanja bule."

"Koko, we utacheza mupaka fainali."

"Nimekuambia. Umalizie."

Mi nilikuwa pale, ninamukanda muguu. Nilisikia kila neno. Motari unayesoma, shika hiyo vizuri: mi nilisikia.

Hopitali walifanya wanavyoweza. Alikaa pale mupaka akafika fainali kweli, na siku ya mwisho aliilaza gemu ikiwa goli moja kwa goli moja, akakupa mu mukono, akageukia ukuta. Unajua yaliyobaki.

Sasa matanga. Yalikuwa ku kiwanja ya mujomba Yohana, yeye mukubwa wetu. Shitingi, turubai ya kivuli, ilifungwa, bamama balilia, batu balitoka Lweba, balitoka Fizi, balitoka mupaka Lulimba, na kila mutu na telefone yake imekufa njiani. Nani aliwawekea moto? Faila. Ulileta pano, ulileta batri kubwa, ulileta ule ubao wako wa priz, wa kuchomekea kable nyingi, ukaweka nyuma ya nyumba. Na ya kwanza ku musitari, ya kwanza kabisa, ilikuwa telefone ya Yohana. Mi niliiona na macho yangu, iko na kifuniko chekundu.

Siku ya tatu mchana, koko ameisha kuzikwa, ulikaa chini karibu na batri, ukaiamsha gemu, ukaanza kumalizia. Peke yako. Hakuna uliyemusumbua. Mupaka nikasikia, na kiwanja chote kikasikia, sauti yako katikati ya vilio:

"Goli, koko! Goli!"

Faila, vilio vilikatika. Yohana akasimama. "Nani anachezea marehemu baba yangu? Ni musichana gani huyu? Mama yake iko wapi?"

Mama yake. Macho yote yakanigeukia mi. Na mi, badala ya kusema maneno matano tu, "Baba mwenyewe alimutuma, mi nilisikia," nilikimbia nyuma ya nyumba, nikakunyang'anya ile gemu, nikavuta kable kwa nguvu mupaka ule ubao wote wa priz ukapinduka, nikakuambia mbele ya batu, "Toka mu macho yangu na vidude vyako."

Uliniangalia. Najua sasa ulikuwa unangoja mi niseme. Ulinipa dakika nzima. Mi niliangalia chini, kama mutu anayetafuta shilingi. Ni Yohana aliyeongea, na unajua alisema nini? "Eh! Na telefone yangu imezimika?"

Asubuhi yake ulikuwa umeondoka na pikipiki. Pano uliacha. Batri uliacha. Na wale batu, Faila, wale waliokufukuza na macho, baliendelea kuweka moto mu telefone zao ku pano yako mupaka matanga yakaisha! Hakuna aliyesema hii ni pano ya mutoto mubaya, tusiiguse. Jua lako lilikuwa safi, we ndiye ulikuwa muchafu. Nikikumbuka hiyo ninakandamiza kalamu, ona hapa vile nimetoboa karatasi.

Na hapa ninauliza kwa sauti, kila mutu ajibu mwenyewe. Mbele ya ile nyumba, chini ya shitingi, siku zile zote, bababa walikuwa banafanya nini? Banacheza dame. Ku kila matanga ya Baraka bababa banacheza dame na vifuniko vya soda, banagonga ubao pa! pa! banatukanana, "Nimekukula mbili, lala!" banacheka mupaka bajane banasikia. Na tunasema vizuri, banatusindikiza. Hakuna aliyewahi kumuita mama ya mutu juu ya dame. Kwa nini? Vifuniko vya soda havina haja ya moto, ndiyo maana havina zambi? Ao ni juu wachezaji wako na ndevu? Mutoto aliyetumwa na marehemu mwenyewe anamaliza kazi aliyopewa, anaitwa muchawi. Muzee aliyekuja kula bugali ya bule na kucheza, anaitwa mufariji. Nijibuni!

Jibu langu mi ni kazi nitakayokuambia sasa.

Ile gemu niliifunga mu kitenge, ku kiuno, siku ile ile. Jioni nikaona taa yake ndogo inawaka nyekundu, nikakumbuka: imelala, mechi iko ndani, batu ba baba banasimama mu uwanja. Ikizimika, fainali imekwenda, na we ulifunga goli bule. Batri ile uliyotia ni ya zamani, haipitishi siku. Faila, tangu siku ile haijazimika. Hata mara moja. Mi, mama yako, mwanamuke wa ndakala, niliyeanika pawabenki!

Nikienda soko, ninaenda na kale kapano kadogo ulikonifungia ku kikapo, kanakaa juu ya ndakala, na gemu iko chini, mu kivuli, mu soksi, isinuke samaki. Nikivuka kwenda Lweba na boti, ninakaa upande wa jua na ninageuka na boti ikigeuka, batu banadhani niko na kichefuchefu. Siku za mvua ninaomba. Nimeomba ku duka la dawa, nimeomba ku batu wa radio, nimeomba ku muuza barafu mwenye jenereta. Balinicheka. "Mama muzima na gemu?" Mama Anzuruni, yule rafiki yangu wa mawese, alinigusa hapa ku kiuno mbele ya soko yote, akasema, "Mama Faila, hii mimba ya plastiki utazaa lini?" Nikamujibu, "Baba yake ni jua, usinionee wivu." Sasa yeye ndiye anayeishika nikienda kujisaidia, na anaifunika na mukono kama kinda.

Siku moja ya mvua nilikwenda mupaka kwa Yohana. Iko na priz mu salon, sebule yake. Alikuwa anakunywa chai. Akaona kable, akasema, "Hapa hatulishi michezo." Nikatoka. Nilisimama mu mvua yake nikatukana mupaka mbwa akaingia ndani. Kisha nikatembea mupaka kwa muuza barafu.

Kuicheza siwezi. Mara moja niliiamsha, nikaona wale ba kijani, na ule uwanja, na juu kabisa: mbili kwa moja, zimebaki dakika kumi. Furaha ya ile goli ya pili niliiua kwa haya yangu. Nikailaza upesi, nikaogopa nisiguse kitu.

Jumapili iliyopita, kanisa ilipoisha, Yohana aliita kikao cha jamaa. Kilio cha baba kiondolewe, jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Unajua jamaa yetu, lakini wa njiani hawajui: moto wa matanga ukizimika, majivu yake yanabaki palepale mu kiwanja, hakuna anayeyagusa, mupaka siku ya kuondoa kilio. Na mwenye kuyafagia ni binti mukubwa wa marehemu, hakuna mwengine. Kama hajafagia, batoto wa kiume hawanyoi. Yohana ameota ndevu mupaka hapa ku kifua, zinamuwasha, anajikuna ku kikao kama mbuzi ku ukuta.

Basi akasema, "Dada, utafagia jumamosi."

Nikasema, "Sifagii."

Walidhani hawakusikia. Nikasimama, mi ambaye ku kikao ninakaa karibu na mulango. Nikawaambia yote. Ile kamyo, yale matope, yale maneno ya baba, na mi niliyekuwa ninamukanda. Nikasema, "Mutoto wangu hakuchezea marehemu. Alikuwa anatii. Mwenye kukosa ni mi, nilijua na nikanyamaza, na niko naungama mbele yenu. Na we Yohana ulikosa kwa kutouliza. Sasa mi sifagii majivu ya baba mupaka Faila akae mu hiki kiwanja, mbele ya batu walewale, na amalizie ile mechi. Bababa wa dame bamupishe ubao."

Mama mudogo wako akaanza, "Lakini dada, gemu ku kilio..." Nikamuambia, "Basi munyoe kaka yako na meno yako."

Walicheka, Faila. Kikao kizima. Hata bale bazee. Yohana hakucheka. Alijikuna, akaangalia yale majivu kule nje, akajikuna tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia. Akasema, na sauti ndogo, "Baba alisema hivyo kweli? Batu bangu banasimama mu uwanja bule?"

"Hivyo hivyo."

Nikaona macho yake yamelowa. Baba hakumupa Yohana neno lolote la mwisho, sikuwahi kuwaza hiyo. Nilikuwa na hasira, na bado niko nayo, lakini pale ilipunguka kidogo, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Aje," akasema. "Amalizie. Lakini asipige tena kelele."

Nikamujibu mbele ya wote, "Atapiga. Na we utakuwa karibu yake, unashika pano."

Hakukataa, Faila. Alikohoa tu.

Kwa hiyo fika. Panda kamyo yoyote, panda pikipiki yoyote, hata na matope ku meno. Njoo na kable mupya, hii yangu nimeifunga na karatasi ya pakiti ya sigara na inashika moto ikiwa tu nimeinamisha shingo upande wa kushoto. Njoo na batri kama umepata, juu hii ya ndani imeanza kuvimba, ninaisikia ku kiuno, na sasa inashika nusu ya siku tu. Nikikuambia siogopi nitakuwa mwongo. Nikiamka kitu ya kwanza ninagusa ni hiyo, mbele ya kuomba Mungu, anisamehe.

Kama hutaki kuongea na mi, usiongee. Kaa, maliza, enda zako. Nitafagia na mugongo wangu umekugeukia. Lakini kama utaniangalia tena vile uliniangalia nyuma ya ile nyumba, hii mara sitaangalia chini.

Nakuachia hapa, karatasi imeisha na jua linahamia upande wa choo, lazima niihamishe pano.

Ni mi, mama yako niliyekosa, na bado najisifu juu yako ku soko yote,

Mama Faila